Upande wa Kushoto

"Upande huu ndio tunaoutaka," alisema kaka, akamshika dada yake kidevu na kumgeuza kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. "Wa kulia. Ule mwingine uache kama ulivyo."

Mpiga picha alikuwa ameinama mezani, anafuta lenzi kwa kitambaa laini cha kijivu.

"Unanielewa lakini, bwana? Hii siyo picha ya kitambulisho. Inakwenda mbali, inakwenda kwa mtu anayetaka kuoa. Ni mtu na heshima zake, ana duka la matairi. Sasa ukimpelekea ule upande wa pili kabla hajamzoea mtu mwenyewe, si utakuwa umemfukuza?"

Kitambaa kilisimama juu ya kioo. Kisha kikaendelea kuzunguka, polepole kuliko mwanzo.

"Nimeelewa," alisema mpiga picha.

Dada mwenyewe alikuwa amekaa kwenye stuli mbele ya pazia jeupe, nyumbani kwa mpiga picha, mikono mapajani, na gauni la bluu aliloazimwa na wifi yake lilimbana kidogo mabegani. Hakuwa anamsikiliza kaka yake. Alikuwa anautazama ule mkono wenye kitambaa. Aliujua mkono huo vizuri sana. Aliujua mpaka kovu dogo jeupe lililokuwa kwenye kidole gumba, na namna kile kidole kidogo kilivyobaki hewani mwenyewe akishika kitu chembamba. Kwa mwaka mzima mkono huo ulikuwa ukija karibu na shavu lake, ukasimama pale, wala usimguse.

Asubuhi hiyo, alipokuwa akivaa mbele ya kioo, aligundua jambo lililomtia aibu. Hereni hakuzichagua kwa ajili ya mtu wa matairi atakayeipokea picha. Alizichagua kwa ajili ya huyu atakayeipiga.

*

Kazi ya dada huyu ilikuwa kutengeneza saa. Duka aliachiwa na marehemu baba yake, chumba chembamba chenye meza moja, taa yenye shingo ndefu, na ukuta mzima wa saa ambazo hazikupatana hata siku moja. Wateja walimwita fundi. Nyumbani aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama yake. Siku ile jiko la mafuta ya taa lilipomlipukia nyuma ya duka, alikuwa anachemsha maji ya chai tu. Moto ulimshika upande wa kushoto, chini ya sikio, ukafuata taya mpaka shingoni. Jicho lilipona. Madaktari walisema mshukuru Mungu, na kweli alimshukuru, ingawa kuna asubuhi alishukuru huku akiwa amekipa kioo mgongo.

Hospitalini, kila alipokwenda kuangaliwa, daktari wa ngozi alimwandikia kwanza apite chumba cha mwisho kwenye ujia. Humo alikuwamo mpiga picha, mwanamume mkimya aliyevaa koti jeupe lililomzidi urefu, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha za vidonda na makovu kwa karibu sana, ili daktari aweze kulinganisha ya leo na ya miezi iliyopita.

Siku ya kwanza alimwambia, "Tazama bawaba ya dirisha. Naomba radhi, nasogea."

Akasogea. Akasogea tena, mpaka fundi akasikia harufu ya sabuni kwenye kola yake.

"Usipumue," akasema mpiga picha.

"Nisipumue?"

"Kidogo tu. Lenzi hii ni kali mno kwa karibu. Ukipumua, ngozi inatoka kwenye fokasi, picha inakuwa na ukungu."

Basi hakupumua. Naye mpiga picha hakupumua. Wakakaa hivyo, watu wawili waliozuia pumzi katika chumba kimoja, mpaka kamera iliposema *ka*.

Kila alipokuja ilikuwa vilevile, na kila mara alitangulia kusema naomba radhi, nasogea, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Mara moja fundi alimwuliza kwa nini hanunui zile lenzi zinazovuta, mtu anakaa kule mbali anazungusha tu.

"Hii haivuti," alisema. "Ukitaka kitu kiwe karibu, unasogea mwenyewe, kwa miguu yako."

"Kumbe ndiyo maana unanijia mpaka puani!"

Kifuniko cha lenzi kikamponyoka, kikabingirika mpaka chini ya kitanda. Alikitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipoinuka masikio yake yalikuwa yameiva. Fundi alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, na mama yake akamwuliza hospitali siku hizi wanawapa dawa gani.

Siku nyingine mpiga picha alitokea dukani mwenyewe, bila koti. Alileta saa ya mkononi. Fundi akaifungua, akabana kioo chake cha kazi jichoni, akaichungulia, akaifunga.

"Saa yako ni nzima."

"Niliona kama inachelewa."

"Haichelewi."

"Basi labda nachelewa mimi."

Wakatazamana. Saa zote za ukutani zilikuwa zinagonga, kila moja kwa wakati wake. Fundi alingoja sentensi inayofuata. Alikuwa tayari kuipokea, hata kioo alikuwa amekitoa jichoni. Mpiga picha akachukua saa yake, akasema asante, akatoka, na siku zile zilizofuata fundi alijikuta anainua kichwa kila mlango ulipolia.

Halafu ikaja siku daktari alipomwambia kovu limetulia, hakuna haja ya picha tena. Fundi alipita chumba cha mwisho, akasimama mlangoni.

"Basi ndiyo mwisho," alisema.

"Ndiyo mwisho," alisema mpiga picha. Akafungua mdomo aongeze neno. Muuguzi akaita jina la mgonjwa mwingine, mzee mmoja akaingia na mguu wake wa bandeji, na lile neno akalimeza pamoja na mate.

Fundi aliutembea ujia ule kwa mwendo wa bibi harusi, akingoja aitwe. Hakuitwa.

*

"Kidevu juu kidogo," alisema mpiga picha sasa, nyuma ya kamera. "Vizuri. Macho kwenye ukingo wa pazia."

"Atabasamu?" aliuliza kaka.

"Akitaka."

"Tabasamu, Kitinda. Lakini si sana. Mtu asidhani una shida."

*Ka. Ka.* Upande wa kulia, shavu laini, hereni, nusu ya mwanamke. Kaka alikwenda kutazama kwenye kioo kidogo cha kamera, akapiga makofi.

"Hapo sasa! Hapo mtu anatoka na mahari mkononi. Si unaona? Nilimwambia mama, yule wa hospitali anamjua tayari, hatashtukashtuka."

Hakuwa mtu mbaya kaka yake. Siku ya moto ndiye aliyevunja mlango wa nyuma, na mpaka leo nyusi zake hazijaota sawasawa. Tangu baba alipofariki alijibebesha nyumba nzima kichwani, na hofu yake kubwa ilikuwa kwamba atamwacha dada yake peke yake katikati ya saa zile. Shangazi alipoleta habari za mtu wa matairi, aliyefiwa na mke, mpole, asiyelewa, anayeishi mji mwingine na aliyeomba picha tu, kaka alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Simu yake ikalia. Alikuwa na duka la rangi za nyumba, na mtu wa upande wa pili alikuwa amekwisha kasirika.

"Kijani gani? Majani makavu? Mzee, hakuna rangi hiyo duniani! Majani yakikauka si kijani tena… Ngoja, ngoja nitoke nje, humu mtandao mbaya."

Mlango ukafungwa. Sauti yake ikabaki barabarani, ikibishana na majani.

Chumbani wakabaki wawili tu. Kama kule hospitalini.

"Ni mtu gani?" aliuliza mpiga picha, akijifanya anarekebisha mwavuli mweupe wa taa ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Anauza matairi."

"Hilo nimelisikia. Ni mtu mzuri?"

"Wanasema ni mtu mzuri."

"Basi vizuri."

"Vizuri nini?"

"Kwamba ni mtu mzuri."

Fundi akageuka kwenye stuli, akamwelekea.

"Nipige upande wa kushoto," alisema.

Mpiga picha akageuka.

"Kaka yako amesema…"

"Kaka yangu anauza rangi, kazi yake ni kufunika kuta. Nipige mimi mzima. Uso wote. Kama mtu ataniona, anione."

Mpiga picha akarudi mezani, akaishika ile lenzi aliyokuwa akiifuta mwanzo, akaifunga kwenye kamera. Fundi aliitambua. Ilikuwa na mchubuko kwenye ukingo, karibu na namba zake.

"Ni ile ile?"

"Ile ile. Ni yangu, huwa naibeba kazini na kurudi nayo. Watu wanadhani ni ya wadudu na vidonda tu. Lakini kwa uso wa mtu, ukiipa nafasi, sijaona inayoupenda kuliko hii."

"Kuipa nafasi vipi?"

"Kurudi nyuma."

Akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kisigino chake kikagusa ukuta. Fundi hakuwahi kuwa mbali naye hivyo katika chumba kimoja. Miezi yote ile alikuwa ameona sikio lake, kola yake, mstari wa nywele zake. Sasa alimwona amesimama mzima, mrefu, bega moja limeshuka kwa ajili ya mkoba anaoubeba kila siku, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshtukizwa.

"Nini?" aliuliza fundi. "Ni mbaya?"

"Hapana. Ni kwamba sijawahi."

"Hujawahi nini?"

"Kukuona mzimamzima humu ndani ya kamera. Siku zote nilikuwa na kipande. Toka hapa mpaka hapa." Akajipimia kwa kidole, kutoka sikioni hadi tayani mwake. "Hicho ndicho nilichoagizwa. Mengine nilikuwa nayaona nikishaishusha kamera, na hapo wewe unakuwa umeshasimama kuondoka."

Fundi akazirudisha nywele zake nyuma ya sikio la kushoto. Nje ya hospitali, hakuwa amefanya hivyo mbele ya mtu yeyote tangu ule moto. Hewa ya feni ikapita kwenye kovu, ikawa kama amevua kitu.

"Nitazame wapi? Bawaba?"

"Nitazame mimi."

Akamtazama. Alitazama katikati ya kile kioo cheusi, akijua kwamba ndani yake, upande wa pili, kuna jicho. Kwa kazi yake alijua kukaa na kitu kidogo mpaka kitoe siri yake, na sasa alikaa na kioo kile kwa uvumilivu huohuo. *Sema,* aliwaza. *Kaka yangu atamaliza kugombana sasa hivi. Sema.*

"Nisipumue?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Pumua," alisema mpiga picha, na sauti yake haikuwa imekaa sawa. "Leo pumua."

*Ka.*

Akaishusha kamera. Akaja mbele, si kwa kazi, maana hakusema naomba radhi. Akasimama karibu kama zamani.

"Kuna nywele moja," alisema. "Imeshuka hapa."

Mkono ukainuka. Ukafika pale ulipokuwa ukifika siku zote, ukasimama. Fundi alihisi joto la vidole vile kwenye ngozi ambayo daktari alimwambia haitahisi tena kama mwanzo. Daktari alikuwa amekosea.

"Kama una la kusema," alinong'ona, "useme."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Majani makavu!" alifoka kaka. "Mtu mzima na akili zake! Haya, tumemaliza?"

Mkono ulikuwa umekwisha shuka.

"Tumemaliza," alisema mpiga picha.

*

Jioni ile picha ziliingia kwenye simu ya fundi. Za upande wa kulia zilikuja zote pamoja. Ile moja ikaja baadaye, peke yake, bila neno.

Aliifungua akiwa amekaa kitandani, akaitazama mpaka skrini ikazimika, akaiwasha tena. Kovu lilikuwapo lote, kila mkunjo wake, halikufichwa wala kupakwa chochote. Lakini halikuwa la kwanza kuonekana. Cha kwanza kilikuwa macho, na macho yale yalikuwa yanasema jambo waziwazi bila haya, mpaka mwenyewe akaona aibu kuyatazama. Alijiona mzuri. Ilikuwa ni habari mpya, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Kaka alishamkumbusha mara kadhaa: mtumie shangazi, shangazi amtumie bwana. Fundi akazipita zile za kulia. Akachagua hii.

Alijiambia anafanya hivyo kwa haki. Mtu akitaka kukataa, akatae mapema, asije akakataa mbele ya wageni. Lakini kwa ndani kabisa alijua anachokitaka. Alitaka mtu wa matairi alione lile kovu, aogope, aombe radhi kwa adabu, na mlango ujifunge wenyewe bila yeye kuusukuma.

Jibu lilikuja upesi. Shangazi alikuja nalo mwenyewe, ameibana simu kifuani kama mtoto mchanga, akawakusanya wote sebuleni na kuufungulia ujumbe wa sauti.

Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu, ya mtu asiyezoea kuongea na simu.

"Shangazi, picha nimeipata. Nilikuwa nimejiandaa kuletewa picha ya msichana amegeuka pembeni, maana habari za moto mlishaniambia. Huyu hakugeuka. Nimekaa naye dukani leo mchana, wateja wananiita sisikii. Mwambieni, kama yeye yuko tayari, mimi Jumamosi nakuja na watu wangu."

Kaka alinyanyuka kwenye kiti. "Ipi hiyo? Ulituma ipi?" Akainyakua simu, akaitazama picha. Kisha akaketi tena na kujifuta uso kwa kiganja. "Basi mimi sijui kitu," alisema. "Mimi ni mtu wa rangi tu."

Mama alicheka, shangazi akapiga vigelegele. Fundi aliomba ruhusa akanawe uso, na huko bafuni alifungua bomba mpaka mwisho ili asisikike.

*

Kesho yake alifunga duka mchana kweupe na kwenda hospitalini. Chumba cha mwisho kilikuwa wazi. Mpiga picha alikuwa anakula mkate mkavu amesimama dirishani, na alipomwona mlangoni aliuweka juu ya faili la mtu.

"Leo huna miadi," alisema.

"Amekubali."

"Nani?"

"Bwana matairi. Nilimpelekea ile ya uso wote. Kaiona, kakubali. Wanakuja Jumamosi."

Mpiga picha alimeza. Ilichukua muda, na ilikuwa vigumu kujua kama ni kwa sababu ya mkate au kwa sababu nyingine.

"Hongera," alisema.

"Usinipe hongera!" Alijisikia sauti imempanda, akausukuma mlango kwa kisigino. "Nilitaka akatae. Umenielewa? Nilimpelekea ili akatae, na wewe umeniharibia. Kwa nini ulinipiga vile?"

"Vile vipi?"

"Vile! Mtu hawezi kuitazama ile picha asinitake. Mimi mwenyewe nimejitaka!"

Akacheka pasipo kupenda, na machozi yakamtoka hapo hapo, vyote viwili kwa pamoja. Mpiga picha hakucheka.

"Nilipiga nilichokiona," alisema.

"Basi sema ulichokiona. Kwa mdomo. Nimechoka kukisoma kwenye kamera."

Mpiga picha aliivuta stuli ya wagonjwa, akakaa yeye, pale pale alipokuwa akimkalisha. Alionekana kama mtu anayesubiri kuambiwa ugonjwa wake.

"Uliingia humu siku ya kwanza na bandeji," alianza. "Uliitoa mwenyewe, hukungoja muuguzi. Ukaniuliza kama nimeshakula, kwa sababu mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Wewe ndiye mwenye kidonda, unaniuliza mimi. Tangu siku hiyo sijui ni nini. Nakuja kazini nikitafuta jina lako ubaoni. Nisipoliona, siku inakuwa ndefu kama barabara mbovu."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Kazi yangu hapa ni kutazama majeraha. Mtu aliyekuona siku zako mbaya kuliko zote, akikwambia anakupenda, utamwamini? Utadhani ni huruma. Na mimi nilikuwa radhi ukae bila kujua kuliko udhani nakuhurumia."

"Ungenijaribu."

"Nilikuja dukani."

"Ulileta saa nzima!"

"Najua ilikuwa nzima."

"Na mimi nilijua! Mimi ni fundi saa! Nilikaa nayo mkononi nikiomba niione imevunjika, angalau uirudie." Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Halafu ukaondoka. Na juzi mkono wako ukafika hapa, ukaondoka tena."

Mpiga picha akasimama. Safari hii mkono haukusimama njiani. Ulilishika shavu la kushoto lote, kovu na taya, taratibu, kwa kiganja kizima. Fundi akafumba macho. Nje ya mlango toroli la dawa lilipita likigongana, mtu akacheka, muuguzi akaita jina. Hakuna aliyesogea.

"Siyo huruma," alisema mpiga picha, karibu sana na sikio lake.

"Najua," alisema fundi. "Ningekuwa sijui, nisingekuja." Kisha akajitoa, kwa shida, kama anayetoka kitandani asubuhi ya baridi. "Lakini maneno haya usiniambie mimi peke yangu ukadhani yamekwisha. Kuna mtu wa watu amepakia nguo zake. Kuna kaka yangu ameshapima sebule aipake rangi. Mama yuko nyumbani sasa hivi."

"Sasa hivi?"

"Wewe ulitaka lini? Jumamosi, upige picha za posa?"

Mpiga picha akavua koti jeupe, akalitundika. Kwa mazoea akanyoosha mkono kuchukua mkoba wa kamera.

"Hiyo iache," alisema fundi.

*

Mama yake alikuwa barazani, anachambua nguo za kufua. Aliwatazama wakikaribia, akamtazama binti yake macho yaliyovimba, akamtazama mgeni kuanzia viatu mpaka kichwa, na soksi aliyokuwa ameishika akaiweka chini.

"Shikamoo, mama," alisema mpiga picha.

"Marahaba. Wewe ndiye wa hospitali."

"Ndiye mimi."

"Kuna deni la matibabu lililobaki?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kwa ajili yangu." Mikono yake ilitafuta kamba ya mkoba begani, haikuikuta, ikashuka. "Nampenda binti yako. Nilipaswa kuja zamani, nikawa naogopa. Najua mna wageni Jumamosi. Najua nimekuja vibaya, peke yangu, sina hata mshenga. Lakini niliona nikingoja nije vizuri, nitakuta mlango umefungwa."

Kuku wa jirani alipita, akapekua kwenye nguo, akafukuzwa kwa mguu.

"Yule wa matairi," alisema mama, "ni mtu muungwana. Nimeisikia sauti yake, nikaipenda. Nilishaanza kumwita mwanangu kimoyomoyo. Unajua unanitwisha nini?"

"Najua."

"Hujui. Ila utajua." Akamgeukia binti yake. "Na wewe? Huyu ndiye aliyekuwa anakuchekesha njia nzima?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Mama yako siyo mpumbavu, Kitinda. Ungeniambia, ningemzuia shangazi yako mapema, tusingemfikisha mtu wa watu kwenye aibu." Akakung'uta magoti, akasimama. "Basi. Yule bwana nitampigia mimi mwenyewe leo, nimwambie ukweli, kwa heshima yake. Sitamwachia shangazi, ataweka chumvi. Lakini kwa kaka yako siendi."

"Nitakwenda mimi," alisema fundi.

"Wewe huendi popote. Anakwenda yeye." Mama akamwonyesha mpiga picha kwa kidevu duka la rangi lililokuwa ng'ambo ya barabara, ndoo zimepangwa mlangoni, na sauti ya kaka ikisikika mpaka huku. "Yule ndiye aliyevunja mlango akamtoa mwanangu kwenye moto. Ukimtaka dada yake, asisikie kwa mtu. Atakufokea. Anaweza kukutoa nje. Ukitolewa, urudi tena."

Mpiga picha aliitikia. Akamtazama fundi mara moja, mtazamo wa wazi, usio na kioo katikati, kisha akashuka barazani.

Mama na binti walisimama bega kwa bega. Barabara ilikuwa na baiskeli na mikokoteni. Mpiga picha alingoja zipite, akavuka nusu, akasimama, akangoja tena.

"Mbona anakwenda polepole hivi?" aliuliza mama.

"Ndivyo alivyo."

"Atafika?"

Fundi alimwona akizikaribia zile ndoo za rangi, akiinama kidogo ili asigonge kichwa kwenye bango la mlangoni.

"Atafika, mama," alisema.

Kule dukani, sauti ya kaka ikakatika ghafla.